Taa ya Oili Haipimi Wingi wa Oili
Ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone, madereva wengi huielewa vibaya. Ikiwaka, wao hudhani oili imepungua. Kumbe haipimi wingi, bali presha, yaani nguvu ya pampu kusukuma oili hadi kwenye kranki na beringi. Presha hiyo ikikosekana, chuma husaga chuma, na injini yaweza kufa kabla hujafika gereji.

Nilijifunza hayo mwaka wa 2019 kupitia pikapu ya baba, gari la dizeli lililobeba viazi kutoka Njabini hadi soko la Wakulima, Nairobi. Karo ya wadogo wangu wawili ilitoka humo. Siku moja taa iliwaka kwenye msongamano wa Haile Selassie, injini ikiwa moto na ikinguruma polepole. Baba akikanyaga mafuta kidogo, taa yazimika. Hakungoja. Alizima injini, tukasukuma gari kando, likavutwa hadi gereji.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alisikiliza, akatikisa kichwa: "Beringi zimekwisha. Tufungue injini yote." Bei aliyotaja ilizidi karo ya mwaka mzima. Baba akaanza kutafuta mnunuzi wa gari.

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja wa jua kali. Yeye alifungua swichi ya taa na kufunga geji mahali pake, kwa maana swichi mbovu huweza kusingizia injini nzima. Mafundi wengi hutarajia takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba katika kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Injini ilipopata moto, mshale wa geji uliteremka karibu na sufuri. Swichi ilikuwa ikisema kweli.

Kisha akavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nasi hatukuwa tumeongeza hata tone kwa majuma matatu. Mzee akanusa, akampa baba kijiti.

"Nusa nawe, mzee mwenzangu. Oili haizaani."

Ilinuka dizeli. Sili ya pampu ya dizeli ilikuwa imechakaa, dizeli ikavuja ndani ya injini na kuifanya oili kuwa nyepesi mno. Oili ya namna hiyo ikipata moto hupenya tu kwenye beringi bila kujenga presha. Mzee alibadilisha sili, filta na oili, na mshale ukapanda. Pikapu haikuuzwa, na wadogo wangu walirudi shuleni.

Ndugu msomaji, taa hiyo ikiwaka, egesha mahali tambarare na uzime injini mara moja. Subiri dakika chache, kisha vuta kijiti. Oili imepungua? Tafuta inakokwenda. Imekuwa kama chai ya maziwa? Maji yameingia. Imezidi na inanuka dizeli? Usiongeze hata tone. Na fundi akikuambia injini ifunguliwe, mwombe kwanza akuonyeshe geji.