Siku Moja Kati ya Visiwa vya Unguja

Katika kila mkutano mmekuwa mkituuliza, "Habari ya bahari?" Leo tunawajibu kwa maandishi, ili hata mama aliyebaki nyumbani na mgonjwa au na watoto apate sehemu yake. Sisi ni wanne wa chama hiki, wote walimu, na safari yetu ya vakansi ililipwa na likelemba tuliyofanya kati yetu kwa miaka miwili. Hatutaeleza safari yote. Tutaeleza siku moja tu, ile ya kwenda visiwani, kwa kuwa ndani yake kuna jambo linalohusu watoto wetu hapa Kalemie.

Kwanza njia. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma, tukapanda treni mpaka Dar es Salaam, halafu boti mpaka Unguja. Njia hiyo ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Ujiji, karibu na Kigoma, ikapita Tabora, ikafika pwani ya Bagamoyo. Watu wengi wa Manyema walipelekwa hivyo, wakitembea kwa miguu. Na ni katika njia ileile Kiswahili kilikuja kwetu. Tulikumbushana hayo ndani ya treni, tukanyamaza kidogo.

Asubuhi ya siku yetu tulishuka ufukweni karibu na Forodhani, katika Mji Mkongwe. Bei tulikuwa tumepatana jana yake, na tuliuliza wazi kama chakula na vifaa vimo ndani. Nahodha, kijana mwenye heshima, alitupokea: "Shikamooni, mama zangu." Kwetu neno hilo tunalisoma kuliko kulisema, lakini jibu lake tunalifundisha darasani, basi tukaitikia "Marahaba" kama wenyeji. Akatupa kila mmoja jaketi la kuokolea. Sisi tukaliita jile. Akacheka, akasema jina si kitu, bora lifungwe kifuani kabla mashua haijasukumwa majini.

Halafu akauliza, "Nani kati yenu anajua kuogelea?"

Hakuna aliyejibu. Wamama wanne, wote tumezaliwa kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu metre 1470, na hakuna hata mmoja. Mnajua sababu. Mvulana akienda ziwani anajitupa majini na wenzake mpaka jioni. Msichana anapelekwa na sahani, na ndoo, na neno la mama nyuma yake: "Rudi upesi!" Hivyo maji tunayajua mpaka magotini tu.

Kituo cha kwanza kilikuwa kisiwa cha Changuu, kama nusu saa kwa mashua. Wageni wanakiita Kisiwa cha Gereza. Zamani kilitumiwa kufungia watumwa waliokataa kutii. Mwaka 1893 Mwingereza Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri wa serikali ya Sultani, alikinunua ili kujenga gereza. Majengo yalipokwisha hayakupata kufungwa wahalifu. Yakawa mahali pa kutenga wagonjwa walioshukiwa kuwa na homa ya manjano, wasije wakaambukiza mji. Kuta zake zingalipo, nene, na madirisha yanatazama maji. Tulisimama pale tukiwaza kwamba huenda baadhi ya waliofungwa kisiwani walitoka upande wetu wa ziwa.

Ng'ambo ya kuta kuna kobe wakubwa ajabu. Wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana mpaka karibu 200 mwaka 1955, kisha watu wakaanza kuwaiba, na mwaka 1996 walibaki saba tu. Sasa wanalindwa, na wadogo wanafungiwa mahali pao. Umri wa kila mmoja umeandikwa mgongoni kwa rangi, na wengine wamepita miaka 100. Ukimkuna shingo ananyoosha kichwa kama nyanya anayesukwa nywele. Mlinzi anasema: msipande mgongoni, msisimame nyuma yake. Tuliwalisha majani, tukaenda.

Kituo cha pili kilitushangaza zaidi, maana si kisiwa hasa. Ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, wanaliita Nakupenda. Hakuna mti, hakuna nyumba. Maji yakijaa, fungu linafunikwa. Maji yakipwa, linatokea tena. Sisi watu wa ziwa tumefundisha "maji kupwa na maji kujaa" ubaoni miaka yote, lakini ziwa letu halifanyi hivyo. Pale tulichomeka kijiti ukingoni, na baada ya muda mfupi kijiti kilikuwa ndani ya maji. Mwezi na jua ndivyo vinavyoivuta bahari hivyo, kila siku mara mbili. Nahodha anaijua saa ya maji kama sisi tunavyoijua saa ya kengele.

Hapo ndipo tulipojifunza. Vikwembe vilibaki mashuani, kwa sababu nguo pana ikilowa inakuwa nzito na inafunga miguu. Tulivaa suruali ya kubana na triko. Kijana msaidizi alitusimamisha mahali maji yanafika kiunoni. Akaonyesha: temea mate ndani ya miwani, suuza, hapo kioo hakitaingia ukungu. Uma mrija kwa meno, funga midomo, pumua kwa mdomo tu, polepole. Weka uso majini huku miguu ikiwa bado chini.

Mwili unakataa. Kichwa kinajua kwamba hewa inapita, lakini kifua kinakaza, na unasimama haraka ukikohoa. Kijana hakucheka. Alingoja, akasema, "Tena, mama." Baada ya mara ya tano au ya sita pumzi inatulia. Ndipo unaachia miguu, na jile inakushika.

Kisha akatupeleka kwenye matumbawe, tukishika boya lililofungwa kamba. Wamama, tungependa mngeona. Samaki wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama kitenge kipya. Kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, amelala mchangani. Tulikatazwa kumtoa majini. Na pono! Darasani tunasema "usingizi wa pono" bila kumjua pono. Kumbe ni samaki mwenye mdomo kama wa kasuku. Anatafuna mawe ya matumbawe, na ukinyamaza unasikia akitafuna: kra, kra. Anayoyatafuna yanatoka kwake kama mchanga mweupe, na sehemu ya mchanga tulioukanyaga ni kazi ya samaki kama yeye. Matumbawe nayo si mawe matupu. Yamejengwa na wanyama wadogo sana, polepole, na mguu mmoja unavunja kazi ya miaka mingi. Ndiyo sababu hatukuruhusiwa kusimama juu yake.

Mwenzetu mmoja hakutaka kuingia. Ndugu yake alizama ziwani akiwa kijana, na mwili haukupatikana. Tulimwacha akae mchangani, hakuna aliyemsukuma. Baada ya chakula, samaki wa kuchoma na matunda, alisimama mwenyewe akaomba miwani. Aliingia mpaka kiunoni, tukamshika mikono pande mbili, akaweka uso majini. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Miaka yote nilifikiri chini ni giza tu."

Tunaandika haya kwa sababu maji yanatuchukua watu wetu. Mwezi wa Desemba 2014 mashua ilizama katika Tanganyika letu na zaidi ya watu 100 wakafa. Mwezi wa Oktoba 2024 nyingine ilizama katika Kivu, karibu kabisa na Goma, watu wakitazama ufukweni. Kuogelea peke yake hakutazuia mashua iliyojazwa kupita kipimo. Lakini jile iliyofungwa, na mtu anayejua kuelea bila kuogopa, vinampa dakika za kuokolewa.

Basi tunaomba mambo matatu kwenye chama. Kwanza, mama yeyote anayesafiri ziwani aulize jile kabla ya kulipa, na tuanze likelemba ndogo ya kununua za chama. Pili, wasichana wafundishwe kuelea pamoja na kaka zao, mahali ambapo wavuvi wanathibitisha hakuna mamba wala kiboko, na mtu mzima akiwa majini pamoja nao. Tatu, watoto waone ziwa lao ndani. Kati ya mawe ya Tanganyika kuna samaki wadogo wa rangi, aina nyingi ambazo hazipatikani penginepo duniani, na watu wa ng'ambo wananunua kwa feza ili wawatazame ndani ya vioo.

Tulinunua miwani miwili na mirija yake Dar es Salaam. Tutaileta kwenye mkutano ujao. Kila mama ataishika, ataijaribu usoni, na wale walio tayari wataandikisha majina ya binti zao.