Kumwachisha Mtoto Ziwa

Mtoto alipotimiza miaka miwili, mama mmoja wa Tanga alisikia shauri moja kutoka kila mlango wa mtaa: shubiri. Hupakwa kwenye chuchu, mtoto huonja uchungu wake, hulia siku mbili tatu, kisha huacha. Mama yake mzazi alimwambia, "Mwanangu, hata wewe nilikupaka, mbona hukufa?" Ni kweli hakufa. Walakini hakupenda mtoto aone kwamba mahali alipopata raha tangu kuzaliwa pamegeuka kuwa pachungu kwa usiku mmoja, bila ya neno la kumwandaa.

Hofu ya pili ilikuwa ya chakula. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliuandika ugonjwa wa kwashakoo kwa jina alilolikuta katika lugha ya Waga wa Accra: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Neno hilo ni shitaka zima. Ziwa likiondoka na nafasi yake ikajazwa uji mtupu wa mahindi, mtoto huvimba miguu huku watu wakidhani amenenepa. Basi mama huyu aliweka kwanza sahanini dagaa, maharage, yai na uji wa ulezi wenye karanga. Ndipo alipoanza kupunguza.

Kanuni yake ilikuwa fupi: asipoomba hapewi, akiomba hanyimwi. Ziwa la adhuhuri lilikwenda bila kilio, maana saa hiyo mchezo ulikuwa mtamu zaidi. La alasiri lilifuata baada ya majuma mawili. Maziwa hutii haja: yakinyonywa haba, hutengenezwa haba, wakatao ghafula aghalabu huvimba matiti, wakashikwa na homa, na pengine jipu.

Usiku ulikuwa jambo jingine. Kurani, itajapo miaka miwili ya kunyonyesha, huruhusu kuachisha kabla yake kwa maridhiano na mashauriano ya baba na mama. Na hapa baba alipewa sehemu yake ya mashauriano, nayo ilikuwa kulala na mtoto. Upole haukuzuia machozi. Usiku wa tatu mtoto alilia kuliko wa kwanza, na nyuma ya ukuta kanga ya mama ililowa maziwa. Juma lililofuata mtoto alipatwa na homa. Akarudishiwa ziwa siku nne, kazi ikaanza upya. Aitaye jambo hilo udhaifu hajapata kukesha na mgonjwa mdogo.

Miezi mitatu ilipita. Alfajiri moja mtoto alikuja, akalaza shavu kifuani pa mama, akasema, "Nyonyo imelala," kisha akaomba chai. Mama alijaribu kukumbuka ni siku gani alinyonya mara ya mwisho, asiikumbuke.