'Anko, niachie': Jumapili ya magurudumu jijini Nairobi

Ukisema unakwenda Nairobi kila mtu atakupa orodha yake. Huyu atakwambia ukaone simba kwenye hifadhi iliyo pembeni kabisa ya jiji, yule atakwambia ukalishe twiga, mwingine upande juu ya jengo la KICC lenye ghorofa 28 ulione jiji zima. Yote mazuri, sina ubishi. Lakini kama umefuatana na mtoto, na mfuko wenyewe ndiyo hivyo tena unaujua, mimi nakushauri kwanza uwatafute vijana wanaoteleza na viatu vya magurudumu. Hakuna geti wala kiingilio.

Tena si mbali, ni katikati ya mji. Kuna njia ya waenda kwa miguu inaitwa Aga Khan Walk, jirani na Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Hapo karibu kuna bustani ya kumbukumbu ya waliokufa katika bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Sisi wa Dar siku hiyo hatuhitaji kuelezwa, maana la kwetu lililipuka asubuhi hiyo hiyo.

Siku za kazi, njia hiyo ni ya watu wa ofisini. Tai shingoni, bahasha kwapani, kila mtu ana haraka kana kwamba ameacha chungu motoni. Wikiendi ofisi zikifungwa, mambo yanabadilika. Kwa miaka mingi vijana wa Nairobi wamekuwa wakiteleza hapo, na pia kwenye maegesho ya magari yaliyochimbwa chini ya usawa wa barabara, wenyewe wanayaita Sunken Car Park. Ukiwa bado hujafika unaanza kuusikia ule mlio: krrrr, krrrr, kama mvua ya mawe inayopita juu ya bati.

Mimi nilikwenda wakati wa likizo ya shule, nampeleka mpwa wangu wa miaka minane kwa mama yake. Dada yangu anafanya kazi Nairobi, mtoto yuko kwa bibi yake Tandika.

Sasa huyu binti ana historia yake. Zamani hakuwa mtu wa kukaa ndani. Rede yeye, kombolela yeye, kuruka kamba yeye ndiye kiranja. Kisha kiwanja cha mtaani kikazungushiwa ukuta, watoto wakahamishia michezo barabarani. Jioni moja bodaboda ikampitia. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, akafungwa P.O.P.

Mfupa uliunga vizuri tu. Daktari akasema amepona kabisa, mwacheni acheze. Ila mwenyewe alikuwa amekoma. Wenzake wakicheza, yeye yuko kibarazani na bibi wanachagua mchele. Pikipiki ikipiga honi anakung'ang'ania mkono mpaka kucha zinakuingia. Mtoto wa miaka minane anatembea kama mzee anayevuka mto!

Basi tukapanda basi alfajiri. Chalinze, Korogwe, Moshi, Arusha, hadi Namanga. Siku hizi pale mpakani kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018, unagonga mihuri ya nchi zote mbili humo humo. Nairobi tukaingia usiku, mtoto kalala mapajani kwangu kama gunia.

Jumapili dada aliingia zamu kazini. Nikamwambia mpwa wangu twende tukaone watu wanaskeiti. Akanijibu, "Anko, sketi ninazo mbili. Mimi nataka gauni." Nilicheka mpaka jirani akachungulia.

Tulipofika alinyamaza. Kulikuwa na kila aina ya watu: wasichana wa chuo wameshikana mikono wanapiga kelele, mzee mmoja wa makamo na kofia yake ya pama, na kitoto ambacho hata miaka mitano nadhani hakijafika kinarudi kinyumenyume kama hakina habari. Viatu vya kukodi vimepangwa juu ya turubai. Bei ni maelewano. Mimi nililipa shilingi mia mbili za Kenya kwa nusu saa, pamoja na kijana wa kumfundisha.

Mtoto akagoma. "Sitaki. Nitaanguka."

Yule kijana, mwembamba hivi, hakubishana naye. Akachuchumaa mbele yake akasema, "Sawa. Leo sikufunzi kuteleza. Nakufunza kuanguka."

Mtoto akamtazama vizuri. Nadhani tangu ile ajali, watu wazima wote tulikuwa tukimwambia neno moja tu: angalia usianguke. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia anguka.

Akavishwa kofia ngumu, na kinga za magoti, viwiko na viganja. Viatu vya magurudumu bado. Akaambiwa akunje magoti, ajishushe chini, aangukie mbele, magoti yatangulie, na vidole avikunje ngumi ili asikanyagwe na magurudumu ya watu. Kisha kuinuka: goti moja chini, mguu mwingine unyooke mbele, mikono juu ya paja, sukuma. Akaanguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Mara ya nne nikasikia anacheka.

Ndipo akavishwa viatu. Hapo, msomaji, ndipo penye elimu. Ukisimama miguu sambamba, magurudumu yanakukimbia. Ukipanua vidole vya miguu kama bata yanatulia, na hatua zako za kwanza ni hizo hizo za bata. Husukumi nyuma kama unavyotembea, unasukuma pembeni. Ukiogopa ukajirudisha nyuma, umekwisha, utaangukia kisogo. Ukitazama chini, mwili unafuata kichwa. Kwa hiyo magoti yakunjwe, mikono mbele, macho kule unakokwenda.

Na asikudanganye mtu kwamba kuna aliyezaliwa anajua. Kuna kisa cha zamani cha fundi mmoja, John Joseph Merlin, mzaliwa wa Ubelgiji ya leo. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760 aliingia kwenye sherehe huko London akiwa juu ya magurudumu huku anapiga fidla, akashindwa kugeuka wala kusimama, akaenda kukivaa kioo kikubwa cha ukutani. Ilikuja kuwa mwaka 1863 ndipo Mmarekani James Plimpton akasajili viatu vya magurudumu manne vyenye mpira ndani, ukiegemea upande vinapinda nawe. Miaka mia nzima watu walikuwa wanaparamia kuta tu!

Turudi kwa binti. Alianza kwa kunishika mimi mkono mmoja na mwalimu mkono wa pili. Mara matatu ikapiga honi kule Moi Avenue, ndeee! Akaganda. Zile kucha nikazisikia.

"Gari linakuja?"

"Haliji," mwalimu akamwambia. "Gari iko kule kwa barabara. Huku ni ya watu."

"Na pikipiki?"

"Hata hiyo. Angalia mwenyewe."

Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Aliangalia kwa muda mrefu, kama mwenye duka anayehesabu hela mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Anko, niachie."

Nikamwachia. Alikwenda hatua nane, bata mtupu, mikono mbele kama anabeba sinia. Ya tisa akaanguka. Nilitaka kukimbia, mwalimu akanizuia kwa kiganja. Goti moja chini, mguu mbele, mikono juu ya paja, akasukuma. Alipokuwa wima akageuka kutuangalia, na uso ule sikuwa nimeuona tangu siku ile ya bodaboda.

Usiku alipomsimulia mama yake hakusema ameteleza hatua ngapi. Alisema, "Mama, leo nimeanguka mara kumi na saba!" Dada akageukia sufuria, akakoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva zamani.

Sasa tuzungumze, wana Dar. Vijana wa viatu vya magurudumu kwetu nimewaona, tena wanajua. Lakini nimewaona wapi? Barabarani, katikati ya magari, mwingine kashikilia nyuma ya daladala. Tunawaita wahuni, ilhali wanachotafuta ni sakafu tu. Gurudumu dogo halitaki mchanga wala kokoto, kwa hiyo Coco Beach haiwafai.

Nami sisemi Nairobi ni peponi. Huko pia wapo watoto wanaocheza katikati ya magari. Lakini yale maeneo ya wazi waliyonayo mjini hayakubaki kwa bahati. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga, akatukanwa, akaendelea kupinga, na jengo halikujengwa. Kigali nao walianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi ili watu wafanye mazoezi. Kwetu hata viwanja vya basketi vya shule vingefunguliwa Jumapili asubuhi, na mlinzi mmoja tu getini, watoto wangapi wangetoka barabarani?

Kwa atakayekwenda na mtoto, machache ya kushika. Mvalishe soksi ndefu, kiatu kisipwaye. Kofia na kinga za viganja usikubali kuzikosa, maana mtu akianguka hutanguliza mikono. Uliza bei kabla ya kuvaa. Nusu saa inatosha siku ya kwanza. Simu yako iweke mfuko wa mbele, mji ni mji. Na usimvute mtoto mkono kwa juu, mwache akushike yeye, ili ajue siku ya kukuachia.

Mpwa wangu amesharudi Tandika. Viatu vya magurudumu hana, na barabara bado anaiogopa, jambo ambalo kwa barabara zetu ni akili. Ila kibarazani hakai tena. Jioni anaingia uani kwa jirani wanacheza rede, na akianguka anainuka kwa goti moja, vile vile. Kile kiwanja bado kina ukuta wake.

Mtaani kwenu je, mtoto anaangukia wapi?