Wosia wa Shangazi kwa Watoto wa Kaka

Wanangu wa Mahoko,

Nyinyi mlianza kuniita Shangazi kabla wazazi wenu hawajazoea, ndiyo maana barua hii naileta kwenu. Mmoja wenu aliniuliza kwa siri kama mtu aliyezeeka anaweza kupasuliwa ili mwili wake ulingane na alivyo, na kama usingizi wa hospitali hauui wazee. Simtaji. Nawajibu wote.

Nilipasuliwa Gent, Ubelgiji, nikiwa nimeshapita miaka 60. Tangu Januari 2018 sheria ya kule haimlazimishi mtu kupasuliwa ndipo abadilishiwe jinsia kwenye kitambulisho. Zamani ilikuwa lazima. Kwa hiyo sikwenda kutafuta karatasi. Nilitaka mwenyewe. Nanyi msikubali kisu kwa ajili ya ofisi wala kwa ajili ya mchumba.

Nusukaputi, yaani huo usingizi wa hospitali, msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda ya leo, mganga akimpasua mama mjamzito, baada ya kumlewesha kwa pombe ya ndizi, na mama akapona. Siku hizi yupo daktari wa usingizi, anayekulinda tangu unapolala mpaka unapoamka. Huyo usimfiche kitu. Nilimtajia dawa za presha, homoni, sigara za ujana wangu, hata majani ya umuravumba niliyokunywa kwa kikohozi. Estrojeni inaweza kuongeza hatari ya damu kuganda, na umri nao unaongeza, hivyo yeye na daktari mpasuaji ndio walioamua nifanyeje na vidonge vyangu.

Kwa mzee, kazi iko kwenye kuamka. Koo liliniwasha kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Mto Sebeya ulikuwa umewabomolea nyumba Mei ya mwaka ule niliopasuliwa, 2023, nami nikawa namsihi muuguzi wa Kibelgiji kwa Kinyarwanda aniondoe pale, mto umejaa. Kumbe ilikuwa sauti ya mashine tu. Wazee wengi huchanganyikiwa hivyo, saa chache au siku kadhaa, na mara nyingi hupita. Kilichonirudisha ni kuvalishwa miwani yangu, na rafiki kutoka kwetu aliyenishika mkono akiniambia niko wapi. Miwani, kifaa cha masikio, mtu anayejua lugha yako: ombeni mapema, na yaandikwe kwenye faili.

Walinisimamisha mapema, maumivu yangalipo, damu isigande miguuni. Nilikuwa na mpira wa mkojo, na vitambaa vya kidonda ndani kwa siku kadhaa, kisha vipanuzi vya uke mpya kila siku kwa miezi. Nililia sana, wala sikujuta hata kidogo. Vidonda vya uzeeni hufunga polepole, basi msikubali kuharakishwa na mtu. Na tezi dume hubaki palepale. Mwanamke kama mimi bado anahitaji kuipima, ingawa kumwambia daktari kunatia haya.

Pesa yangu iliyoko SACCO msiigawane. Ni nauli na chakula cha mtu wa kukaa kando ya kitanda, kila mmoja wa ukoo wetu anapopasuliwa: awe na ngiri, awe anajifungua kwa upasuaji, awe kama mimi. Atakayeshika daftari asimuulize mgonjwa anapasuliwa nini. Aulize tarehe, na nani anakwenda naye.

Shangazi yenu