Kizibo Mbele ya Mgeni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgeni alipoingia uani kwetu Biharamulo na kumkuta mama anapeta mtama, nasi watoto tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, zilifuata salamu ndefu za kuulizana habari za watu na za ng'ombe, kisha kigoda kikavutwa, kisha mimi nikaitwa pembeni na kukabidhiwa chupa tupu iliyosuguliwa kwa majivu pamoja na pesa zilizofunguliwa kutoka ncha ya khanga, nikatimua mbio kwenda dukani. Chupa tupu ndiyo iliyokuwa tiketi. Bila chupa, muuza duka hakukupa soda hata ungekuwa na noti mkononi. Kurudi nilitembea taratibu, nimeikumbatia kwa mikono miwili, ina uvuguvugu wa jua la dirishani. Mama aliilaza kwenye sinia juu ya kitambaa cha kufuma, akapiga goti, akaifungua mbele ya mgeni.

Mbele ya mgeni. Nilichelewa sana kuelewa uzito wa maneno hayo.

Pombe yetu ilikuwa rubisi. Ndizi ziliivishwa shimoni kwa moshi, zikakandwa na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hadi maji yake yakatoka, yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakalala usiku kucha. Sisi watoto tulivizia yale maji matamu kabla hayajachacha, nyuki wakituzunguka masikioni. Rubisi ilinywewa kwa kibuyu, na mwenyeji alionja kwanza. Kuonja huko kulikuwa kiapo kwamba humu hamna sumu, na mimi nakunywa unachokunywa. Katika nchi ambayo watu waliogopa kulishwa kitu kuliko walivyoogopa chui, kiapo hicho hakikuwa mchezo.

Halafu ikaja chupa yenye kizibo cha bati. Coca-Cola ilizaliwa Atlanta, Marekani, mwaka 1886, na ilifika Tanganyika miaka ya 1950. Sidhani kama kuna mkubwa wake yeyote aliyewahi kuwaza juu ya sumu ya Biharamulo. Lakini ule mlio wa kizibo, tss, ulifanya kazi ya mwenyeji anayeonja. Kampuni ilileta maji, sukari na gesi. Watu wa kwetu wakavifanya kiapo. Soda ikawa heshima iliyofungwa. Ilipelekwa kwa mgonjwa hospitalini pamoja na mkate wa boflo, ikawekwa kwa mwalimu siku ya matokeo, ikasimama mbele ya padri peke yake huku wengine wakinywa chai.

Na ilinywewa moto. Dunia nzima kampuni ile inahubiri ubaridi, matangazo yake yanatiririka barafu, lakini kwetu umeme ulikuwa wa wachache na wazee waliamini baridi inaleta kifua. Majokofu sasa yapo hadi kwenye vibanda vya stendi. Muuzaji bado anauliza: "Baridi au moto?"

Faida yake kubwa ilionekana harusini. Zamani asiyekunywa rubisi alikaa pembeni ya sherehe kama mfiwa: Mwislamu, mlokole, mke mdogo anayeona haya mbele ya wakwe. Kreti zilipoanza kuingia, nao wakapata cha kushika mkononi wakati wa kupongezana. Wasabato wengi walikataa ile nyeusi kwa ajili ya kafeini, basi mwandaaji mwenye adabu alihesabu Fanta zao mapema. Wanaume waliosema soda ni ya watoto walikubali Stoney Tangawizi, kwa kuwa iliwakereketa koo na machozi yakawalenga. Hilo nalisema kwa moyo mmoja: soda iliwapa watu wengi kiti, na sitaki kurudi walikokuwa wamesimama.

Lakini chupa moja ni ya mtu mmoja. Kibuyu kilizunguka.

Mwaka 1994 dunia ilitufikia kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, kambi ya Benaco huko Ngara ikawa mji, na malori yakapita usiku na mchana. Kilichokuwa cha mgeni mmoja kwa mwezi kikaanza kuuzwa barabarani. Baadaye ukaja mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ukaja mshahara wa kila mwezi, kuta za maduka zikapakwa rangi nyekundu. Mzigo wa Mwanza uliokuwa ukisubiri kivuko cha Busisi hadi madereva wakalala chini ya malori, tangu mwaka 2025 unapita juu ya daraja la kilomita 3. Soda haichelewi tena. Wala haingojewi.

Siku hizi ni chupa ya plastiki. Azam Cola na Mo Cola zimeingia, zinauzwa kwa bei ya mnyonge, na kijana ananunua yake akitembea, anaimaliza kabla hajafika sokoni, anaitupa mtaroni. Chupa ile ya kioo tulipimia mafuta ya taa, tukahifadhia asali. Vizibo tulivitoboa kwa msumari tukavitunga kwenye uzi, ndivyo vilivyonifundisha kujumlisha darasa la kwanza. Shangazi yangu, aliyekuwa akinibakizia tone la mwisho la kila mgeni wake, amekatazwa sukari na daktari. Sasa mimi ndiye ninayempelekea maji.

Mwaka jana nilisindikiza posa ya mpwa wangu Nyakahura. Mshenga alisoma orodha kwenye simu: katoni za soda, na rubisi "kwa thamani ya fedha", maana mtumbwi wa kukandia haupo tena kwenye nyumba ile. Kijana wa kuhudumia akampa mzee wa nyumba chupa iliyokwisha kufunguliwa. Mzee akairudisha kwa upole.

"Mwanangu, niletee nyingine. Nifungulie hapa."

Kijana akaleta, akazungusha kifuniko. Kile kipete cha plastiki kikakatika, gesi ikapumua. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba bilauri mbili, akajimiminia kidogo, akaonja, kisha akammiminia mshenga iliyobaki.