Darasa la Aljebra, San Diego 2013

Uniti tano, dola 46 kila uniti, na hakuna hata moja ambayo chuo kikuu kingeitambua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa aljebra ya kati katika vyuo vya jamii vya California nilipoisoma. Ukiifaulu, ilihesabiwa kwenye stashahada ya miaka miwili. Ukihamia chuo kikuu, waliiacha mlangoni. Ila bila hiyo hukuruhusiwa kusoma takwimu, na bila takwimu uuguzi ulibaki ndoto. Kwa hiyo sote tuliotaka kuwa wauguzi tulipitia hapo, pamoja na waliotaka uhasibu, waliotaka ualimu, na baharia mmoja aliyetoka jeshi la majini, anasomeshwa na serikali, lakini bado hajaamua anataka nini.

Mimi ada sikulipa. Kulikuwa na msamaha kwa watu wa kipato kidogo, tukiuita BOG, na mshahara wangu wa kuogesha na kugeuza wazee usiku kucha ulitosha kabisa kuthibitisha umaskini wangu. Kitabu ndicho kilichokosa msamaha.

Nilikuwa nakaa City Heights. Jioni nilipanda basi namba 7 linaloifuata barabara ya University hadi mjini, likipita migahawa ya Wasomali, saluni za Wavietinamu na makanisa madogo ya Kihispania yaliyokuwa maduka zamani. Kipindi kilianza saa kumi na mbili na nusu, kikaisha saa tatu usiku. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kazini. Uwanja wa ndege wa San Diego uko karibu sana na mji, na ndege zinazotua hushuka chini kiasi kwamba madirisha yetu yalitetemeka. Mwalimu alikuwa akinyamaza, kalamu ya ubao mkononi, mngurumo ukipita anaendelea na neno lilelile alilolikatiza.

Alikuwa mwanamke wa makamo, anafundisha vyuo vitatu kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Ofisi hakuwa nayo. Ukitaka kumwona nje ya saa za darasa ulimfuata kwenye maegesho, akafungua buti la gari, na humo mna maboksi ya mitihani yenye majina ya vyuo kwa kalamu nyekundu. Walimu wengi wa vyuo vya jamii vya California ni wa muda kama yeye. Nilitoka nchi ambayo mwalimu huchelewa kulipwa, lakini walau ana meza.

Mtihani wa kupima kiwango niliufanya kwenye kompyuta. Ukijibu vizuri, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, mashine inakuhurumia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Tanga kwa kombi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, maana yake hesabu tuliagana kidato cha nne. Mashine ikanipangia ngazi moja chini ya takwimu. Wengine walipangiwa ngazi mbili au tatu chini, na hao walikuwa na mihula kadhaa ya kupanda kabla ya kufika nilipoanzia mimi.

Kwetu Hisabati ya kidato cha nne ilifanywa bila kikokotoo. Ulikuwa na kijitabu cha majedwali, na logi ya namba uliitafuta kwa kidole, safu kwa safu. Hapa kila mtu alikuwa na TI-84, kidude cheusi kinachochora grafu chenyewe. Binti aliyekaa kushoto kwangu alikiuliza saba mara nane ni ngapi. Nilishangaa, ila dakika kumi baadaye alikuwa amechora mikunjo mitatu na kusoma inapokutana, wakati mimi bado napiga mstari kwa rula.

Mbele yangu alikaa kijana mrefu. Jioni moja, tukisumbuka na sehemu zenye eksi kwenye asili, nikamsikia ananong'ona, "Hii nayo imetoka wapi?" Kwa Kiswahili safi. Alikuwa Mbantu wa Somalia. Familia yake ilihamishwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwenda ile ya Kakuma mwaka 2002 ili isubiri safari ya Marekani, na shule aliianzia kambini. Bibi yake aliongea Kizigua, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pande za kwetu, wakaishia bonde la mto Juba. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Jumapili moja tuliwaunganisha wawili hao kwa simu, wakaongea saa nzima wakiulizana majina ya miti na vyakula, na sisi tukakosa simu ya kutumia. Tangu siku hiyo akawa ananiita dada, na mimi nikawa na mtu wa kubishana naye hesabu kwa lugha yangu. Kwa mpangilio wa matendo ya hesabu, yeye alifundishwa BODMAS, mimi MAGAZIJUTO, mwalimu alisema PEMDAS; jibu lilikuwa moja, tukiwa na bahati.

Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mzee wa Kiiraki kutoka El Cajon. Alikuwa mhandisi Baghdad. Vyeti vilibaki huko. Aljebra yote aliijua; alichokuja kutafuta, alisema, ni kusikia inavyosemwa kwa Kiingereza.

Ilikuwa Oktoba tulipofika kukamilisha mraba. Mwalimu akaandika kanuni: chukua nusu ya namba iliyo mbele ya eksi, itafutie kipeo cha pili, jumlisha pande zote mbili. Niliandika bila kufikiri, kwa sababu niliikariri Tanga vilevile, kama dua ya lugha usiyoijua. Baharia akauliza, "Kwa nini nusu?" Mwalimu akaanza kueleza kwa alama, akaona nyuso zetu, akasita. Mzee akainua mkono, akaomba kalamu.

Akachora mraba. Upande wake eksi. Kisha akabandika mstatili kulia, wenye urefu eksi na upana 5, na mwingine kama huo chini. "Hizi ni eksi kumi," akasema. "Nimezigawa mbili, tano huku, tano huku, ndiyo nusu yako." Mraba na mistatili yake miwili, kwa pamoja, swali linasema eneo lake ni 39. Halafu akagonga kwa kidole pembe ya chini kulia, iliyobaki wazi. Pembe hiyo ni tano kwa tano. Akaijaza kwa mistari: 25. Sasa umbo zima ni mraba mmoja mkubwa, 39 na 25 ni 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Ondoa 5. Eksi ni 3.

Darasa lilikaa kimya, kisha baharia akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa, la kusifu.

Mzee akatueleza kwamba swali hilo ni la al-Khwarizmi, aliyelifanya Baghdad enzi za khalifa al-Ma'mun, miaka 1,200 iliyopita. Kitabu chake hakikuwa na eksi wala alama ya usawa. Kila kitu alikiandika kwa maneno. Na sehemu kubwa ya pili, akasema, inahusu kugawa mirathi.

Hapo ndipo nilipoketi wima. Babu yangu alipofariki, aliacha mke, watoto wawili wa kiume, watatu wa kike na shamba la minazi. Shehe aliketi barazani, akanywa kahawa, akatamka mgawo bila kushika kalamu. Bibi thumni. Zinabaki thumni saba, na mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili ya mtoto wa kike: wawili mara mbili, ongeza watatu, mafungu saba. Kila binti thumni moja, kila mwana thumni mbili. Shangazi zangu walihesabu minazi wakaona sawa. Nilikuwa mtoto nimeegemea mlango, na hakuna aliyesema kwamba hiyo ni aljebra.

Mwalimu alimshukuru mzee, kisha akaongeza chini ya mchoro: eksi pia ni hasi 13. Mzee akatikisa kichwa. Upande wa mraba hauwezi kuwa hasi 13. Mwalimu akasema kweli, lakini kwenye mtihani andikeni yote mawili. Walibishana kwa adabu mpaka ndege nyingine ilipopita.

Ilipofika Desemba viti vingi vilikuwa vitupu. Waliotoweka sikuwaona kuwa wajinga. Mama mmoja aliyekuwa akivuka mpaka kila siku kutoka Tijuana alichoshwa na foleni za San Ysidro. Kijana wangu wa Kakuma alibadilishiwa shifti ghalani wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho. Mimi nilifaulu, nikasoma takwimu, nikaendelea.

Mwaka 2017 gavana Jerry Brown alisaini sheria inayoitwa AB 705, na kufikia 2019 vyuo havikuruhusiwa tena kuwalundika watu kwenye ngazi za chini kwa sababu ya mtihani wa kompyuta. Sasa hutazamwa alama za sekondari, na wengi huingia takwimu moja kwa moja, wakipewa kipindi cha ziada cha msaada. Hesabu ya wanaoiunga mkono ni rahisi. Chukua mfano wa ngazi tatu, na kila ngazi wafaulu saba kati ya kumi, ambayo si mbaya. Saba ya kumi ya saba ya kumi ya saba ya kumi ni asilimia 34 tu wanaofika juu, na hapo bado hujawatoa waliofaulu wasirudi. Siwezi kuipinga. Nasema tu kwamba alama za sekondari za Marekani hatukuwa nazo, si mimi, si mzee. Asiye nazo huelekezwa ajipime mwenyewe kwa maswali, na namjua mzee: angejipima vizuri, asingeona haja ya kukaa karibu na ule mlango, na sisi tungebaki na kanuni.

Nilimwambia kijana wa Kakuma hayo. Alicheka. "Dada, wewe ulifaulu, ndiyo maana unalikumbuka kwa mapenzi. Mimi ningeingia takwimu mwaka uleule."

Amerudi chuoni sasa, ana watoto wawili, na yuko kwenye hiyo takwimu ya moja kwa moja. Juzi alinipigia simu nikiwa zamu. Alitaka kujua kwa nini tofauti kati ya kila namba na wastani inatafutiwa kipeo cha pili kabla ya kujumlisha. Nikamwambia azijumlishe kwanza bila kipeo, aone. Nikamsikia anahesabu kwa sauti, kisha akasema, "Inatoka sifuri." Nikamwambia ajaribu namba nyingine.