Ailton wa Bremen

Mwanangu, mwaka 2004 nilikuwa nimeshaacha ubaharia, naishi Bremen, kaskazini ya Ujerumani, kuli wa ghalani. Mji ule asubuhi hunukia kahawa inayokaangwa, na upepo ukigeuka, harufu ya shayiri ya kiwanda cha bia cha Beck's huvuka mto Weser ikaingia hadi chumbani kwa asiyeonja tone. Siku ya mechi tulifuata ukingo wa mto mpaka uwanja wa Weserstadion. Wenzangu walikula soseji. Mimi nilinunua mkate wa heringi na vitunguu kwa Euro mbili, na roho iliniuma, maana pesa ile Mombasa wakati huo ilikuwa sahani ya wali na samaki wake.

Tuliyemwendea ni Ailton, mshambuliaji wa soka, Mbrazili wa Mogeiro, Paraíba. Mfupi, kifua kipana, kitambi hakifichiki, meno nje wakati wote. Ungekutana naye melini ungemdhania mpishi. Aliletwa Werder Bremen 1998 kutoka Tigres ya Mexico, na Felix Magath alipokuja kufundisha hakuwa na haja naye. Thomas Schaaf aliposhika timu Mei 1999 ndipo nyota yake ilipong'aa. Mabeki walikiangalia kitambi wakajipa moyo. Kufumba na kufumbua, wanauona mgongo wake.

Msimu ule wa 2003/04 alifunga mabao 28. Mei 8 tulijazana kwenye mkahawa wa Mturuki kutazama mechi ya Munich dhidi ya Bayern. Mpira ukamponyoka kipa wao Oliver Kahn, Klasnić wetu akamalizia. Micoud akambetulia la pili. Ailton akakung'uta la tatu. Bayern 1, Werder 3, ubingwa wa Ujerumani umechukuliwa nyumbani kwa Bayern mwenyewe! Mzee mmoja wa Kijerumani, ambaye miaka yote hakuwahi kunijibu salamu, alinikumbatia. Jumatatu akarudi vilevile.

Kombe la Ujerumani likafuata, na waandishi wakamchagua Ailton mchezaji bora wa mwaka, mgeni wa kwanza kuipata heshima hiyo. Brazil yenyewe haikumwita hata mara moja. Ilikuwa na Ronaldo. Mapema mwaka huohuo Qatar ilimtaka avae jezi yake, fedha zikatajwa za kuzidi Euro milioni moja, lakini Machi FIFA ikapiga marufuku. Sisi Wakenya tulitazamana. Mwaka uliotangulia mkimbiaji wetu Stephen Cherono alikuwa ameshageuka Saif Saaeed Shaheen, akawapa Waqatar dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha huko Paris.

Kumbe zamani alishatia sahihi Schalke. Akatuaga kwa machozi, akenda. Mwaka mmoja tu, kisha Beşiktaş, Hamburg, Belgrade, Zürich, Duisburg, Donetsk, Altach ya Austria, hata Chongqing huko China. Mwaka 2010 akarudi Bremen hiyohiyo, kwenye timu ndogo ya mtaa wa Oberneuland. Magazeti yalimdhihaki, na alipokubali kukaa msituni na wadudu kwa ajili ya kipindi cha televisheni mwaka 2012, yakammaliza kabisa. Mimi sikucheka. Umri wa mshambuliaji ni mfupi, naye alikuwa na miaka 30 alipopewa mshahara mkubwa kwingine. Septemba 2014 walipomwandalia mechi ya kuagwa, Weserstadion ilijaa. Baharia mwenzangu wa Lamu, tukiwa foleni ya tiketi, akaanza kuhesabu kwa vidole timu alizozihama. Nikamwuliza yeye amepanda meli ngapi.